Maswali na Majibu: Kusomea Udhibiti na Uhandisi wa Mifumo Katika Chuo cha Kijeshi

Barua zilizofika safari hii zimetoka kwa vijana wanaojiandaa kujiunga na vyuo vya kijeshi, kwa wazazi wao, na kwa makadeti ambao tayari wamo madarasani. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha na kuyajibu pamoja.

Mwalimu, nimepata nafasi katika chuo cha kijeshi na natakiwa kuchagua fani. Orodha ina mifumo ya udhibiti na ina uhandisi wa mifumo. Je, si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, ingawa ni ndugu. Udhibiti ni elimu ya kuufanya mtambo ufuate lengo bila kuyumba: kihisi hupima hali ilivyo, kompyuta huilinganisha na hali inayotakiwa, mota au valvu husahihisha tofauti, kisha kipimo huchukuliwa upya, pengine mara mamia kwa sekunde moja. Uhandisi wa mifumo hukitazama kitu kizima, tangu anayekihitaji anapoeleza shida yake hadi siku kinapoondolewa kazini, na huuliza nani atakitumia, katika mazingira gani, kwa muda gani, kitaunganishwa na nini, nani atakitengeneza kikiharibika, na tutajuaje kwamba kimetimiza kilichoombwa. Mbele ya usukani wa meli unaojiendesha, mtaalamu wa kwanza anauliza kama meli itarudi kwenye uelekeo wake baada ya kupigwa na wimbi, na wa pili anauliza nani atashika usukani umeme ukikatika na kama ameandaliwa kwa kazi hiyo.

Nakuomba usichague kwa kutazama jina. Katika chuo cha wanamaji cha Marekani kilichopo Annapolis, shahada iliyoitwa uhandisi wa mifumo kwa miaka mingi ilikuwa kwa kiasi kikubwa ni udhibiti, na katika miaka ya karibuni ikabadilishwa jina na kuitwa uhandisi wa roboti na udhibiti. Huko West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu cha nchi hiyohiyo, jina la uhandisi wa mifumo lina maana nyingine, iliyo karibu zaidi na uchambuzi wa maamuzi, uigaji wa kompyuta na usimamizi wa miradi. Omba orodha ya kozi za miaka yote. Ukiona mrejesho (yaani kipimo kurudishwa kwenye kompyuta ili isahihishe), vihisi, roboti na uchakataji wa mawimbi yanayotoka kwenye vihisi, huo ni udhibiti; ukiona takwimu, gharama, hatari na uandishi wa matakwa ya mtumiaji, huo ni uhandisi wa mifumo.

Mimi ni wa wastani katika hisabati. Nikiingia fani ya udhibiti nitaweza?

Utahitaji kalkulasi, hasa ile sehemu ya milinganyo inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda, pamoja na namba changamano, matriksi na, baadaye kidogo, takwimu. Hakuna njia ya mkato hapo, na mkufunzi atakayekuahidi njia ya mkato hakutakii mema. Hata hivyo, wengi wanaoshindwa hawashindwi kwa kukosa akili ya hesabu. Wanashindwa kwa sababu wanakariri kanuni bila kuona mtambo unaozungumziwa, kwa hiyo nitakueleza kanuni moja jinsi ilivyozaliwa.

Nicolas Minorsky alihudumu katika jeshi la majini la Urusi kabla ya kuhamia Marekani, na mwaka 1922 alichapisha uchambuzi wa hisabati kuhusu usukani wa meli unaojiendesha. Aliegemea jambo ambalo kila aliyewahi kusimama kwenye usukani analijua, kwamba mshika usukani hodari hafuati jambo moja tu. Anatazama meli imepotoka kiasi gani sasa hivi. Anahisi inazidi kupotoka kwa kasi gani, ili aanze kuizuia kabla haijafika mbali. Tena anakumbuka kwamba kwa muda mrefu imekuwa ikisukumwa upande mmoja na upepo au mkondo, hivyo anaushikilia usukani ukiwa umeinama kidogo upande wa pili. Kosa la sasa, kasi ya kubadilika kwa kosa, na limbikizo la makosa yaliyopita: mambo hayo matatu, kila moja likipewa uzito wake na yote kujumlishwa, ndiyo kanuni ambayo hadi leo inaongoza sehemu kubwa ya mitambo ya viwandani, ndege zisizo na rubani na viungo vya roboti. Kasi ya kubadilika ndiyo ile utakayofundishwa kuitafuta katika kalkulasi, na limbikizo ndilo jumlisho linalofundishwa baada yake. Ukiliona hilo kabla ya kuingia darasani, alama za kwenye milinganyo hazitakutisha tena, kwa kuwa kila alama itakuwa inasema jambo unalolifahamu.

Kuna jambo jingine ambalo usukani hufundisha kuliko kitabu. Meli nzito huitika kwa kuchelewa. Anayejifunza huzungusha usukani, akiona hakuna kilichotokea huuzungusha zaidi, na meli inapoanza kuitika anakuwa amekwisha kupitiliza. Hapo huurudisha kwa nguvu upande wa pili na kupitiliza tena. Kuchelewa pamoja na nguvu iliyozidi huleta kuyumba, na nusu ya kozi ya kwanza ya udhibiti, pamoja na michoro yote iliyoachwa na mhandisi Harry Nyquist mwaka 1932 na waliomfuata, ni namna ya kujua mapema kama mchanganyiko huo utakuyumbisha.

Kwa nini jeshi lijisumbue kufundisha mambo haya? Si liajiri wahandisi kutoka vyuo vya kiraia?

Linawaajiri, na litaendelea kuwaajiri. Lakini fani hii na jeshi vimekua pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1930 jeshi la majini la Marekani liliwapeleka maofisa vijana katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts wakasome namna ya kuziongoza bunduki kubwa za meli kwa mitambo ya mrejesho, na mwaka 1940 taasisi hiyo ikaanzisha maabara maalumu ya kazi hiyo chini ya Gordon Brown. Mmoja wa maofisa waliosoma hapo, Horacio Rivero, baadaye alipanda hadi cheo cha admirali. Ofisa anayekabidhiwa rada au meli hawezi kumwita mhandisi wa kiraia usiku wa manane baharini kila kipimo kinapoonekana cha ajabu. Lazima ajue mwenyewe ni lini aiamini mashine na ni lini asiiamini.

Nimesikia kwamba mfumo wa makombora uliwahi kushindwa kwa sababu ya saa yake ya ndani. Ni kweli, na inahusiana vipi na masomo haya?

Ni kweli, na laiti kila kadeti angelisoma tukio hili katika wiki yake ya kwanza. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraq lilipiga kambi ya askari wa Marekani mjini Dhahran, Saudi Arabia, na kuua askari 28. Kulikuwa na mtambo wa Patriot, mfumo wa Marekani wa kutungua makombora angani, uliopaswa kulizuia, lakini haukurusha chochote, kwa sababu ulikuwa ukilitafuta kombora hilo mahali ambapo halikuwepo.

Kompyuta ya mtambo ilihesabu muda kwa vipande vya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sasa, sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu kwa 0 na 1, kama vile theluthi moja isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa desimali. Tarakimu hazina mwisho. Kompyuta ilikuwa na nafasi ya biti 24 tu, yaani tarakimu 24 za 0 au 1, ikakata zilizobaki. Kilichopotea kila mara kilikuwa kiasi cha sekunde 0.000000095, ambacho ni kidogo mno. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 bila kuzimwa, yaani vipande 3,600,000. Zidisha mwenyewe, utapata kiasi cha sekunde 0.34. Scud husafiri zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde, kwa hiyo katika muda huo lilikuwa limekwenda zaidi ya mita 500.

Hapo ndipo mtaalamu wa udhibiti angeishia, akiwa amepata kosa na tiba yake. Mhandisi wa mifumo huendelea kuuliza. Patriot iliundwa kwanza kupambana na ndege, ambazo ni za polepole kuliko Scud, na ilitarajiwa ihamishwe mara kwa mara na kufanya kazi kwa saa chache tu mahali pamoja. Katika vita ile ilipewa adui mwingine na ikaachwa imewashwa kwa siku kadhaa mfululizo. Majuma mawili kabla ya maafa, Waisraeli, ambao nao walikuwa wakiutumia mtambo huo, walikuwa wametoa taarifa kwamba baada ya saa 8 tu za kazi mfululizo usahihi ulianza kupungua waziwazi. Watumiaji waliandikiwa tahadhari kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kungeleta tatizo, lakini tahadhari haikusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Kuuzima na kuuwasha upya, kazi ya dakika chache, kungeirudisha saa kwenye sifuri. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya wale 28 kufa.

Ukiuliza nani alikosea, jibu haliko kwa mtu mmoja. Hesabu ilikatwa mahali fulani, matumizi yakabadilika mahali pengine, na mtu wa tatu akaandika tahadhari isiyo na namba. Mimi hulirudia sana hili la tahadhari. Katika fani yetu neno "muda mrefu" si taarifa, na ofisa anayeliandika au anayelipokea bila kuuliza "saa ngapi?" hajamaliza kazi yake.

Nipo mwaka wa kwanza. Kwata alfajiri, gwaride, zamu za lindo, kisha maabara hadi jioni. Ninasinzia darasani na alama zinashuka. Nifanyeje?

Pole sana. Hali hii naifahamu, nami sitakwambia ujikaze tu. Tatizo la chuo cha kijeshi ni kwamba muda wako umekatwa vipande na si wewe unayeukata, na udhibiti ni somo linalojengwa tofali juu ya tofali: ukikosa wiki ya milinganyo, wiki ya uthabiti haitaeleweka. Usingoje muda mrefu wa kujisomea, maana hautakuja. Tatua hesabu moja, moja tu lakini kamili, kila siku, hata kwa dakika ishirini kabla ya taa kuzimwa. Fanya kazi na wenzako wa bwenini, ila kila mmoja aweze kuieleza hesabu ubaoni akiwa peke yake. Mwone mkufunzi mapema, kabla ya jaribio la pili. Katika vyuo vingi vya kijeshi madarasa ni madogo na wakufunzi wanapatikana, lakini makadeti huona aibu kwenda kwa sababu wamezoea kwamba kuitwa ofisini ni adhabu. Usingizi nao uulinde kama unavyolilinda lindo lako.

Binti yangu anataka kusomea fani hii jeshini. Je, akihitimu atapangiwa kazi ya uhandisi?

Huenda, lakini asijiunge kwa kutegemea hilo. Jeshi hupanga maofisa kwa mahitaji yake kwanza, na mhitimu wa udhibiti anaweza kupelekwa melini, kwenye kikosi cha mawasiliano, au akapewa askari wa kuwaongoza kwa miaka kadhaa kabla ya kugusa tena kazi ya kiufundi. Asome kwa makini mkataba wa miaka ya utumishi anaopaswa kuutimiza baada ya masomo, na wewe mzazi uusome pamoja naye.

Je, elimu hii haitufanyi kuwa watengenezaji wa mashine zinazoua kwa kujiamulia?

Swali hili ni zito, na nafurahi limetoka kwa kadeti. Hisabati inayoituliza ndege isiyo na rubani inayopeleka dawa ndiyo ileile inayoituliza ile iliyobeba bomu. Tofauti huwekwa na binadamu wakati wa kuandika matakwa ya mfumo: nani anaidhinisha, ana sekunde ngapi za kufikiri, anaonyeshwa nini kwenye kioo, na mashine ifanye nini mawasiliano yakikatika. Mtu anayepewa sekunde mbili za kukubali au kukataa asichoweza kukihakiki yupo hapo kwa jina tu. Mwenye elimu hii ndiye anayeweza kuliona hilo kwenye michoro na kulisema mezani kabla mfumo haujajengwa, na ndiyo sababu sitaki wenye dhamiri waikimbie fani hii.

Nina miezi michache kabla ya kuripoti chuoni. Nianze na nini?

Rudia kalkulasi na trigonometria hadi mkono uende wenyewe. Jifunze lugha moja ya programu, yoyote inayopatikana bure. Kisha tafuta mota ndogo, kihisi cha kupima mzunguko wake na bodi ndogo ya kompyuta, ujaribu kuifanya mota ishike kasi moja hata unapoigusa kwa kidole ili kuipunguza. Itayumba. Badilisha namba moja kwa wakati, andika kwenye daftari ulibadilisha nini na kilitokea nini, pamoja na tarehe na saa, na daftari hilo uende nalo chuoni.