Umefunga taiming belti mwenyewe, sasa injini inagoma

Maswali ya safari hii yanatoka kwa watu waliofungua injini wenyewe, uani kwao, kubadilisha taiming belti: mkanda unaounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti inayofungua valvu). Kabla ya yote nawaomba: gari likikataa kuwaka baada ya kazi hii, acheni kupiga stata. Shikeni spana, mzungushe krenki kwa mkono taratibu. Mkono utahisi pistoni ikigusa valvu kabla haijaipinda. Stata haihisi kitu.

Shikamoo fundi. Nina Corolla 110, injini ya 5A. Nimefunga belti mpya, stata inazungusha vizuri ila haiwaki, na mara nyingine inalipukia kwenye bomba la hewa. Nimepinda valvu? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Valvu zako ziko salama. 5A-FE, kama 4A-FE na 7A-FE, imeundwa ili hata belti ikikatika pistoni zisifikie valvu. Kwako ni mpangilio tu.

Toa kava la valvu. Zungusha krenki kulia, kama mshale wa saa, mpaka mkato wa pulii yake usimame kwenye alama ya 0 ya kava la belti. Sasa tazama gia ya kemshafti: ina kitundu kidogo, na kitundu hicho lazima kielekeane na alama iliyo kwenye kikombe cha kwanza cha beringi nyuma yake. Tumia tochi, na jicho liwe sawasawa na kitundu. Ukichungulia kwa pembeni utaona kama kimekaa sawa kumbe jino moja limekimbia. Ukikikuta upande wa chini, usishtuke. Krenki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kemshafti, kwa hiyo ongeza mzunguko mmoja wa krenki kisha utazame tena.

Jino hukimbia pale unapoachia tenshena, ile puli yenye springi inayokaza belti. Belti ikiwa na ulegevu upande usio na tenshena, springi inavuta na gia inasogea mbele ya macho yako. Ivute belti ikaze upande huo kwanza, ulegevu wote ubaki kwenye tenshena, ndipo uachie. Alama zikiwa sawa na bado haiwaki, kagua nyaya za plagi: mpangilio wa moto ni 1-3-4-2.

Fundi, nina Subaru Forester yenye injini ya EJ20. Nimezungusha krenki mara mbili na mistari ya kwenye belti haioani tena na gia. Nifungue upya? (Nakuru)

Usifungue. Mistari ile ni ya kukusaidia wakati wa kuvalisha belti tu. Ukishazungusha inahama, na inahitaji mizunguko mingi sana kabla ya kurudi pamoja. Zinazotakiwa kurudi mahali pake kila baada ya mizunguko miwili ya krenki ni alama za gia.

Ila hakikisha jambo moja, maana hapa ndipo injini nyingi za Subaru zinapoharibikia. Gia ya krenki ina mshale, na ina kijistari kidogo kwenye ukingo wake wa nyuma. Cha kufuata ni kijistari. Mshale unavutia jicho, na ukiufuata utafunga belti vibaya ukiamini umemaliza. EJ20 haina huruma ya 5A: pistoni na valvu zake hukutana. Kama ulitumia mshale, fungua leo hii, kabla hujagusa ufunguo.

Hiace yangu yenye injini ya dizeli ya 3L inawaka kwa shida na kutoa moshi mweupe unaochoma macho. Kabla ya belti mpya ilikuwa nzima. (Dereva, Mbagala)

Pole kaka. Belti ya 3L inazungusha pampu ya dizeli pia, kwa hiyo alama ni tatu: krenki, kemshafti na pampu. Gia ya pampu ina tabia ya kurukia pembeni ukitoa belti, na wengi hawaioni. Moshi wa namna hiyo ni dizeli inayochelewa kuingia. Ingewahi, ungesikia injini ikigonga kwa nguvu. Usijaribu kuponya kwa kulegeza boliti za pampu na kuigeuza. Rudisha alama zote tatu. Ikibaki silinda moja dhaifu, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), maana dizeli hii nayo hupinda valvu.

Injini inapiga mluzi, na mluzi unapanda nikikanyaga mafuta. (Tanga)

Belti imekazwa mno. Legeza boliti ya tenshena, iache springi ivute yenyewe, zungusha mara mbili kwa mkono, kaza. Usisukume tenshena kwa nondo. Ukisikia belti inachapa kava, hapo imelegea.

Pamoja na belti nilibadilisha pampu ya maji pia. Sasa inachemka, na hita inatoa hewa baridi. (Arusha)

Hewa imenasa kwenye mfumo. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza kuleni (maji ya kupozea injini), weka hita kwenye joto la mwisho, washa na uiache silensa, bila kukanyaga mafuta. Minyaminya hozi ya juu na ujaze kadiri usawa unavyoshuka, mpaka mapovu yaishe na hita ianze kutoa joto. Kisha funga mfuniko. Ikishapata moto usiufungue tena.