Dawa yako unaimeza saa ngapi? Najibu maswali yenu

Wiki hii maswali mengi yamekuja kuhusu saa za kumeza dawa na nimefurahi sana, maana pale dirishani famasi watu wanauliza nimeze ngapi na kwa siku ngapi, wa kuuliza saa ngapi ni wachache mno. Nimechagua matano.

Shikamoo dada. Baba ana presha, anameza dawa asubuhi, sasa jirani kamwambia usiku ndio inafanya kazi vizuri. Ipi kweli?

Marahaba mdogo wangu. La jirani lina mahali limetoka. Presha kwa kawaida inashuka ukiwa usingizini alafu kuanzia alfajiri inapanda, na ndio maana mshtuko wa moyo na kiharusi vinatokea sana masaa ya asubuhi, kwa hiyo wataalamu wakawaza dawa imezwe usiku ili presha inavyopanda ikute dawa ipo kazini. Mwaka 2019 utafiti wa Hispania ukasema usiku ni bora zaidi kwa mbali, wengi wakautilia shaka, alafu 2022 Waingereza wakatoa majibu ya utafiti wao, watu zaidi ya 21,000 waliofuatiliwa zaidi ya miaka mitano, kundi moja asubuhi kundi lingine jioni, na hamna tofauti ya maana iliyoonekana. Kwa hiyo kama baba anameza na chai ya asubuhi na hajawahi kuruka hata siku, muacheni hivyo hivyo.

Ila kuna za presha ambazo naomba sana zisimezwe usiku, zile za kukojoza maji, mfano Lasix, bendro au haidroklorothaiazidi. Mama yangu mdogo alipewa moja wapo, bahasha ya dawa imeandikwa 1x1 basi, yaani kimoja mara moja kwa siku, hamna asubuhi hamna jioni, yeye akawa anaimeza pamoja na zingine akienda kulala. Usiku anaamka mara nne mara tano, choo kipo nje uani, siku moja saa tisa usiku katereza pale mlangoni akavunjika mkono. Ile bahasha niliishika mkononi nikatoa machozi, neno moja tu la peni, "asubuhi", lilikuwa linatosha. Kwa hiyo hizo ni asubuhi, na kama umeandikiwa mara mbili basi ya pili iwe kama saa 8 mchana, usingoje jioni.

Mimi nina pumu, nimepewa prednisoloni vidonge 6 nimeze vyote asubuhi. Niliona vingi nikagawa, 3 asubuhi 3 usiku. Sasa silali, nakodoa macho mpaka kunakucha. Tatizo nini?

Tatizo ni hivyo vitatu vya usiku, rudi kwenye maelekezo uliyopewa, vyote asubuhi ukishakula kitu tumboni. Ngoja nikuelezee kwanini maana hapa ndipo pananivutia kuliko pote. Mwili wako una saa yake, ipo ndani ya ubongo, inasetiwa na mwanga unaoingia machoni, na karibu kila seli mwilini nayo ina kasaa kake kanakofuata ile kubwa. Nobeli ya tiba ya 2017 walipewa Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi, na walianzia kwa vinzi vile vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva. Sasa saa hiyo ndio inaamrisha homoni ya kotiso, ambayo usiku wa mapema iko chini kabisa, ikifika usiku wa manane inaanza kupanda, mpaka unaamka, kama saa 12 mpaka saa 2 asubuhi hivi, inakuwa kileleni. Prednisoloni inafanana na kotiso. Ukiimeza asubuhi inaingia wakati mwili wenyewe umejaza, ukiimeza usiku unauambia mwili kumekucha, ndio hayo macho. Alafu dozi ya usiku inazizuia zaidi tezi zako zisitengeneze kotiso yake, na kama umetumia wiki kadhaa usije ukaacha ghafla, dokta akupunguzie taratibu.

Dawa ya kolestro ni lazima usiku?

Inategemea jina. Ini linatengeneza kolestro nyingi zaidi usiku, na simvastatini haikai sana mwilini, kwa hiyo hiyo meza usiku. Atovastatini na rosuvastatini zinakaa muda mrefu, saa yoyote sawa ili mradi iwe ile ile kila siku.

Nimeandikiwa antibayotiki 1x3. Nameza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 usiku. Mwenzangu anasema nakosea.

Yuko sahihi, hesabu kidogo utaona. Kutoka saa 1 asubuhi mpaka saa 7 ni masaa 6, mpaka saa 1 usiku ni 6 tena, alafu usiku mzima masaa 12 hamna kitu, na dawa kama amoksilini inataka ikae kwenye damu muda wote bila pengo refu, bakteria halali eti kwa sababu wewe umelala. 1x3 ya antibayotiki maana yake kila baada ya masaa 8, kwa hiyo saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Lakini usibebe hesabu hii kwenye kila 1x3, metformini ya sukari ukiandikiwa mara tatu inafuata chakula, sio saa.

Na wenzangu mnaoandika bahasha, tafadhalini andikeni saa kwa Kiswahili. Kuna mzee alikuja kwangu na karatasi imeandikwa 8 am na 8 pm, yeye akasoma saa nane, akawa anatega alamu kila siku anaamka saa nane usiku anameza, mwezi mzima, amechoka mpaka macho yameingia ndani. Ilitakiwa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Niliumia sana kwa ajili yake.

Natumia ARV. Za zamani nilikuwa nameza usiku, tangu nibadilishiwe sipati usingizi. Naweza kumeza asubuhi?

Asante kwa kuuliza, mpo wengi. Ile ya zamani ilikuwa na efavirenzi ambayo inaleta kizunguzungu, tukawaambia mmeze usiku mlale nayo. Ya sasa, kile kidonge kinachoitwa TLD, ina dolutegraviri, na hiyo baadhi ya watu inawanyima usingizi, ila mazoea ya usiku yamebaki. Inamezwa saa yoyote, umekula hujala, kwa hiyo asubuhi inawezekana kabisa. Nenda CTC, kliniki unakochukulia ARV, waambie kuhusu usingizi wakupangie kuhama bila kuacha pengo, na kama uko pia kwenye dawa za TB usibadilishe chochote mwenyewe, maana hapo unaongezewa dolutegraviri nyingine ya baada ya masaa 12.

Najua pia wengine mnameza usiku kwa sababu ndio muda nyumba nzima imelala na hamna wa kuuliza. Hilo nalo mwambie nesi bila aibu. Wateja wangu wengine wanaweka vidonge vya siku chache kwenye kichupa kidogo kikavu chenye kifuniko, kinakaa kwenye mkoba, wanameza wakifika kazini, kabla hata hawajafungua ofisi.