Ukipandikiziwa jino, linda wiki zile ambazo huumwi

Wanaoniuliza kuhusu gego langu la kupandikiza huanza na bei, kisha maumivu. Bei ni kubwa kweli, na maumivu kwangu yalikuwa madogo kuliko ya kung'olewa gego lile la kwanza. Ninachotamani waulize ni kile kipindi cha katikati, skrubu ikiwa imeshaingia kwenye taya na jino lenyewe bado halijafungwa juu yake. Hapo ndipo mfupa unapoamua kama utaishika au la, na mgonjwa ana sehemu yake kubwa katika kazi hiyo.

Kabla ya upasuaji daktari alinipa skrubu ya mfano niishike. Haikung'aa hata kidogo. Ilikuwa ya kijivu iliyofifia, na nilipopitisha ukucha kwenye hesi zake nilisikia unakwaruza. Uso huo hutengenezwa makusudi: titani, chuma ambacho skrubu hiyo imetengenezwa nacho, hurushiwa chembe ngumu kwa nguvu, kisha huchovywa kwenye asidi mpaka ijae vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli zinazojenga mfupa hupata pa kujishikiza. Tena titani ikikutana na hewa hujivika yenyewe utando wa oksidi, unene wake nanomita chache tu, na mwili hugusana na utando huo badala ya chuma kitupu.

Mwanzo wa haya yote ni sungura. Mwaka 1952, huko Lund nchini Uswidi, mtafiti Per-Ingvar Brånemark aliweka vifaa vidogo vya titani kwenye mifupa ya miguu yao ili achunguze mtiririko wa damu. Alipotaka kuvitoa akakuta mfupa umeving'ang'ania. Mwaka 1965 alimpandikizia meno mgonjwa wa kwanza kwa msingi huo.

Kauri nazo zimo. Nyonga nyingi za bandia zinazowekwa bila saruji ya kuzigandisha kwenye mfupa hupakwa hidroksiapatiti, kauri ya kalsiamu na fosfati inayokaribiana sana na madini ya mfupa wenyewe, na mfupa mpya huota moja kwa moja juu yake. Kwa meno kuna skrubu nyeupe za zirkonia, ambazo wenye fizi nyembamba huzipenda kwa kuwa hazionyeshi kivuli cha kijivu. Mimi nilichukua titani, kwa sababu ndiyo iliyofuatiliwa kwa miaka mingi zaidi vinywani mwa watu.

Muulize daktari wako skrubu ni ya kampuni gani, uso wake umetengenezwaje, na uombe kadi yenye jina, kipimo na namba ya toleo. Miaka kumi baadaye unaweza kuwa mji mwingine, na daktari mpya bila kadi hiyo atapata shida kujua atumie bisibisi na vipuri gani.

Sasa nije kwenye lililo kubwa. Siku ya kwanza skrubu hukaa imara kwa sababu imebanwa na mfupa wa zamani. Lakini mfupa uliojeruhiwa na keekee lazima mwili uuondoe kabla ya kuweka mpya. Kwa hiyo kati ya wiki ya pili na ya nne hivi, mshiko wa zamani umepungua na mpya haujakomaa. Skrubu ikisukumwasukumwa wakati huo, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, mwili unaweza kuizungushia nyama ya kovu badala ya mfupa, na hata uso wake uwe mzuri kiasi gani hautaiokoa. Na huo ndio wakati ambao uvimbe umeisha, huumwi tena, na mahindi ya kuchoma yanakuita kila kona.

Mimi nilikula mtori, uji, viazi vya kuponda na samaki wa mchuzi, na nikatafuna upande wa pili. Kwenye harusi ya mpwa wangu mishikaki ilinipita hivi hivi. Miwa na karanga ziache kabisa mpaka daktari akuruhusu. Sigara ni adui mkubwa zaidi, maana hupunguza damu inayofika kwenye fizi na mfupa. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imetulia kabla hata ya kupanga tarehe, na anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, za kumeza au za sindano, aseme mapema bila kungoja kuulizwa.

Miezi ilipotimia daktari aliigonga skrubu kwa mpini wa kifaa chake, ikatoa mlio mkali wa chuma. Ile ambayo haijashika hutoa sauti butu. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umejaa mpaka kati ya hesi, bila mstari mweusi pembeni. Ndipo jino likafungwa.

Tangu hapo nasafisha ukingo wa fizi kwa brashi ndogo kila usiku, kwa kuwa bakteria wakitulia pale mfupa huanza kurudi nyuma, mara nyingi bila maumivu. Ukiona damu au usaha kwenye fizi, au ukihisi jino linacheza hata kidogo, usingoje miadi yako ya kawaida. Mpigie daktari siku hiyo hiyo.