Vumbi la mbao ukiwa na karakana chini ya nyumba

Ukiwa na karakana kwenye chumba cha chini ya ardhi, usihangaike sana na maranda. Hayo huanguka sakafuni na kuzolewa. Hofu yangu ni ule unga laini wa msasa, ambao huuoni mpaka umulike tochi ubavuni. Chembe zake nyingi hazifiki hata maikroni 10 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele mmoja una unene wa maikroni 50 hadi 100, na huendelea kuelea kwa saa kadhaa mashine ikiwa imeshazimwa. Mwaka 1995 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, waliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nawe uko chini, hewa haina pa kutokea ila kupanda ngazi hadi wanakolala watoto.

Kwa hiyo mimi hulikamata vumbi pale pale linapotoka. Mashine ya msasa siiwashi kabla sijaiunganisha na mashine ya kunyonya vumbi. Mpira wa kunyonyea uwe mfupi na usiwe na kona nyingi, kwa sababu kila kona hupunguza nguvu ya kuvuta. Kichujio kiwe cha HEPA, yaani kinachonasa hata chembe ndogo mno. Cha kawaida hukamata chembe kubwa na kuutema ule unga laini chumbani, na hapo umefanya kazi bure. Katikati ya mashine hizo mbili nimeweka ndoo yenye kifuniko cha saikloni: hewa huzunguka humo, uchafu mzito ukabaki ndooni, na kichujio hakizibi haraka. Kikiziba, mashine itanguruma tu bila kuvuta kitu. Na pale ubao unaporuhusu, napiga randa ya mkono na kuacha msasa kabisa.

Feni yenye kichujio ni msaidizi tu. Huokota kilichoponyoka, nami huiacha ikizunguka muda mrefu baada ya kazi.

Wengi hushauri kufunga feni ya kutoa hewa nje. Ni shauri zuri, lakini kwanza tazama kama chumbani humo kuna hita ya maji au tanuri linalotumia gesi. Feni ikitoa hewa nyingi na hakuna mpya inayoingia, inaweza kuuvuta moshi wa gesi urudi ndani badala ya kupanda bombani, na moshi huo huweza kuwa na kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Tafadhali usilipuuze hili. Acha njia ya hewa safi kuingia, na ufunge king'ora cha kaboni monoksidi. Kumbuka pia kwamba unga wa mbao ukitanda hewani karibu na moto unaweza kulipuka.

Barakoa iwe ya kiwango cha N95 au FFP2, zinazochuja vumbi laini, na ibane uso vizuri. Ndevu huiachia mwanya. Ivae hata unapomwaga ndoo, maana hapo ndipo vumbi hufumuka kwa wingi. Ufagio mkavu na hewa ya kompresa sivitumii kusafishia. Nanyonya, kisha napangusa kwa kitambaa kibichi.

Mbao za MDF, zile za nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, nazikatia nje. Unga wake ni laini mno na gundi yake kwa kawaida ina fomaldehaidi. Mlango wa ngazini uwekee ukanda wa mpira chini, na nguo za kazi zivuliwe kabla ya kupanda.