Kabla hujazitupa chupa hizo: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa jikoni, mara ya pili nimetoka kukaa barazani ili nikusikie vizuri. Umesema daktari amewaambia mpunguze kemikali nyumbani kwa sababu ya pumu na ukurutu wa mjukuu wangu, mke mwenzangu mdogo, na kwamba wewe na mkeo mmezipanga chupa zote sakafuni na hamjui ipi itoke kwanza. Ukauliza: "Mama, wewe umefanya usafi maisha yako yote, tuanze na nini?" Nakujibu kwa maandishi kwa sababu siku hizi nikisema zaidi ya dakika tatu naishia kukohoa.

Kikohozi hicho umekizoea, lakini hujawahi kuniuliza kilipoanzia. Nilikuwa na mwaka wa kumi na moja kule hotelini. Msichana mgeni wa kazi alimwaga jiki chooni, akaona doa halitoki, akaongeza dawa ya choo juu yake. Dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoka gesi ya klorini, ileile waliyorushiana wanajeshi huko Ubelgiji mwaka 1915. Bafu lenyewe halikuwa na dirisha. Nikaingia kumvuta nje. Yeye alipona baada ya siku mbili. Mimi kifua changu hakikurudi kilivyokuwa. Msimamizi alituletea maziwa tunywe, kisha akasema vyumba vinasubiri. Maziwa yanaingia tumboni, mwanangu, na sumu ile ilikuwa kwenye mapafu.

Kwa hiyo la kwanza halihitaji mtupe kitu. Jiki haichanganywi na chochote isipokuwa maji. Siyo dawa ya choo, siyo siki, siyo ndimu, wala sabuni yoyote yenye amonia. Mkiweza kuishi bila jiki ndani ya nyumba hiyo, bora zaidi, maana sakafu ya sebuleni haina ugonjwa unaohitaji jiki. Sabuni ya maji kidogo, maji ya uvuguvugu na tambara linalofuliwa kila siku vinatosha.

Sasa chupa zenu. Mmezitazama kwa macho, mkaogopa zile zenye alama ya fuvu na maandishi marefu. Mimi ningezipanga kwa pua. Kwa mtoto mwenye pumu, kitu cha kuogopa kwanza ni kile kinachopanda hewani, akakivuta usiku kucha bila ninyi kujua. Dawa kali iliyofungwa kabatini, juu asikofika, haimbani kifua leo. Manukato ya chumba yanayojipuliza yenyewe pale ukutani yanambana. Kwa hiyo anzeni na yale manukato, kisha dawa zote za kupuliza, za vioo, za meza, za mende. Kama kuna sabuni mnayoipenda na iko kwenye chupa ya kupuliza, imimineni kwenye tambara badala ya kuipuliza. Hotelini tulikuwa tunapuliza vioo 30 kwa siku huku tumeukaribia ukungu wenyewe, hakuna aliyetuambia.

Mdogo wako amenisomea kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa miaka 20. Wanawake waliofanya kazi ya usafi, na hata waliosafisha nyumba zao wenyewe, mapafu yao yalichoka haraka kuliko ya wasiosafisha. Nikamwambia asome tena. Nilikaa kimya kidogo, nikawakumbuka wenzangu wote wa zamu ya asubuhi.

Baada ya manukato, ondoeni dawa ya mbu ya kuchoma. Najua utaniambia Arusha kuna baridi, mnachoma moja tu ukumbini. Kuna watafiti walipima mwaka 2003: koili moja ikiteketea hadi mwisho hutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Moja hiyo. Lakini sikwambii mtoto alale na mbu, maana malaria haina huruma na kifua cha mtu. Wekeni nyavu madirishani na chandarua chenye dawa kitandani. Kikiwa kipya kitundikeni kivulini siku nzima na usiku wake kabla ya kukitumia, harufu ya kiwandani itoke. Dawa yake imeshikana na nyuzi, haielei chumbani kama moshi.

Hapa mkeo ataniuliza kuhusu vitu vya asili, maana nimeona picha ya zile sabuni alizoagiza, za mrujuani na machungwa, bei yake unanunua kuku. Mwambie kwa upole, asidhani mkwe anamsema. Asili si hirizi. Dawa iliyomo kwenye koili imeigizwa kutoka kwa pareto, na pareto ni ua linalolimwa Iringa, zuri kwa macho, na wapo watu wakilishika wanapiga chafya hadi machozi. Mafuta ya maganda ya machungwa yakikaa kwenye hewa hubadilika, na ngozi za watu wengine huyakataa. Hata sabuni ya mche, niliyokuogeshea wewe, ina ukali wa magadi ndani yake. Kwa ngozi nzima haina neno, ila kwa ngozi yenye ukurutu inakausha. Halafu yale mafuta ya mgando ya dukani, yanayotokana na petroli, yasiyotiwa harufu, ndiyo yanayoleta matatizo kidogo kuliko karibu yote. Angalieni tu kopo lisiwe na neno "parfum" au "fragrance". Limeandikwa kwa herufi ndogo kweli, chukua miwani yangu.

Na wale wanaowaambia mchanganye siki na magadi soda eti ndiyo dawa ya kusafisha kila kitu, waacheni. Vinapovutana vile, povu linapendeza, kisha kinachobaki ni maji yenye chumvi. Kila kimoja peke yake kina kazi: siki kwa ukoko wa birika, magadi soda kwa sufuria iliyoungua.

Nguo zake zifueni kwa sabuni ya unga isiyo na harufu, na mpunguze kipimo. Nusu ya kile mnachotia sasa inatosha, kisha mzisuuze mara mbili. Sabuni inayobaki kwenye mshono wa shingo ndiyo inayomwasha usiku. Ile dawa ya kulainisha nguo iacheni kabisa. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, asikae ndani muda mrefu, asitiwe dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni. Mfuteni kwa kugusagusa bila kusugua, na ngozi ikiwa bado na unyevu mpakeni mafuta. Shuka zake zioshwe kwa maji ya moto, tena yale ya kuunguza mkono, na godoro litolewe juani. Utitiri, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye vumbi la godoro, haununuliwi dukani lakini unambana kuliko nusu ya hizo chupa zenu.

Mende vilevile. Usafi wa bila dawa usije ukawa ufugaji wa mende, maana kinyesi chao huchochea pumu. Funikeni chakula, zibeni nyufa, na mtumie ile dawa ya jeli inayowekwa tone tone nyuma ya friji.

Naftalini sitaki kuisikia. Bibi yako alihifadhi shali zetu zote sandukuni na vidonge vile vyeupe, na wewe ulipozaliwa nilikuwa nikufunike nazo vivyo hivyo, mkunga akanikatalia. Sikuelewa wakati huo. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, jambo la kawaida kwenye nchi za malaria kama zetu, na mvuke wa naftalini unaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu. Mtoto mchanga hugeuka manjano na kuzidiwa. Kwa sababu mkeo ana mimba, nguo zozote mtakazorithi zifuliwe na kuanikwa siku kadhaa kabla hazijaingia ndani, na zikiendelea kunuka msizipokee.

Na piko. Dada yako ataolewa mwakani, watoto watapangwa foleni wapambwe mikono. Hina ya majani sawa. Piko jeusi hapana, hata nukta moja, hata akilia. Lina rangi ya nywele ambayo ngozi ikishaikataa mara moja huikataa maisha yote. Unamkumbuka binamu yako aliyekaa siku ya tatu ya harusi yake na mikono ndani ya beseni la maji baridi? Malengelenge yalifuata ua kwa ua, jani kwa jani, kama yamechorwa upya.

Jambo moja nakuomba ulishike. Msiondoe vyote siku moja. Kwa moshi na vya kupuliza sawa, viondoke leo. Vinavyogusa ngozi, badilisheni kimoja, kaeni wiki mbili, mwandike kwenye kaunta buku: alilala vipi, alijikuna wapi, pampu ya pumu ilitumika mara ngapi. Mkibadilisha kumi kwa pamoja akapata nafuu, hamtajua ni kipi kilichomponya, na mtaishi mkiogopa kila duka. Na pampu yenyewe isiachwe hata wiki nzuri, mpaka daktari aseme. Ukurutu ukikaidi, mji wa Moshi si mbali. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, waulizeni kuhusu kipimo cha viraka mgongoni, kile cha kujua ngozi inakataa kitu gani. Ni bora kujua kitu kimoja kwa jina lake kuliko kushuku nyumba nzima.

Nimebakiza la kwangu, nalo nimelizungusha kwa makusudi. Nilipokuja kwenu Julai, jioni ya kwanza niliwasha chetezo, nikafukiza udi sebuleni kama ninavyofanya hapa, nguo na nywele na mto wa mtoto. Mkeo akainuka akafungua dirisha, akasema jikoni kuna joto. Joto gani Arusha mwezi wa Julai, mwanangu? Usiku mtoto akakohoa mpaka alfajiri, nami nikalaumu vumbi la basi. Udi ni moshi kama moshi mwingine, hata ukiwa wa Idi, hata ukiwa umeletwa na bibi.

Mwambie mkeo nimelielewa dirisha lile. Na asinyamaze tena, mimi si mgeni wa kuonewa haya. Nikija Desemba chetezo kitabaki Tanga. Kanga zangu nitazifua na kuzianika juani kabla ya kufunga sanduku, na mafuta ya nazi nitakuja nayo yasiyotiwa asumini. Ile pakiti ya udi niliyowatumia Idi, kama hamjaimaliza, mpeni yule jirani yenu wa juu asiye na watoto. Ila mwambie achome madirisha yenu yakiwa yamefungwa.

Mama yako