Vitunguu vya ua jekundu kuoza kiangazi
Dada wa Mikindani, Mtwara, uliyeuliza mbona vitunguu vyako vinaoza: vitunguu vya lile ua jekundu la duara linalochomoza porini mvua zikianza vimekuozea kwa sababu uliendelea kumwagilia hadi Julai. Wakati wa kiangazi vitunguu hivi hulala, yaani hupumzika bila kukua. Majani yakishanyauka, acha maji kabisa mpaka mvua za Novemba au Desemba. Chungu kiwe na matundu. Changanya nusu mchanga na nusu mboji iliyoiva, shingo ya kitunguu ibaki juu. Samadi mbichi hapana! Weka pembezoni mwa kivuli cha mkorosho. Kikigoma kuchanua mwaka wa kwanza usikifukue, mizizi ikiguswa hususa kuchanua. Majani mabichi usiyakate, ndiyo yanayokijaza chakula cha ua la mwakani. Kina sumu, watoto na mbuzi wasikitafune.