Kwa nini Naughty Dog waliifuta The Last of Us Online

Ndugu, umeuliza inakuwaje studio ya gemu kama Naughty Dog inatupa kazi ya miaka, The Last of Us Online, gemu yao ya kucheza wengi mtandaoni. Kuitengeneza gemu ya mtandaoni sio mzigo mkubwa. Mzigo ni kuilisha ikishatoka. Naughty Dog walisema wazi Desemba 2023: kama wangeitoa, nguvu zote za studio zingekwenda kuihudumia kwa miaka, na gemu zao za hadithi, za mchezaji mmoja, zingeumia. Wakachagua hadithi. Mimi naona walifanya sawa.

Gemu ya mtandaoni kila baada ya muda inadai ramani mpya, silaha mpya, seva zisizolala, na watu wa kupambana na wanaodanganya. Wachezaji wakiwa wachache mwanzoni, ndiyo basi: unaingia, unasubiri mechi, haijai, unatoka. Kesho mmepungua tena.

Tazama Concord, gemu ya mtandaoni ya Sony. Ilitoka Agosti 23, 2024, ikazimwa Septemba 6, wanunuzi wakarudishiwa pesa zao. Wiki mbili tu! Oktoba, Firewalk walioitengeneza wakafungiwa studio yenyewe. Wale watu waliijenga kwa miaka, inaniuma mpaka leo.